Kope zimelegea na pumzi inapungua: kuitambua na kuitibu botulizimu katika chumba cha dharura

Mwezi Oktoba mwaka 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitalini wakiwa wamepooza, na mmoja wao akafariki dunia. Sampuli za wawili kati yao zilikutwa na sumu ya aina A ya botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya bakteria, na chakula kilichoshukiwa kuliko vyote kilikuwa kitoweo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, ambacho wote watatu walikuwa wamekula. Huo ulikuwa mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huu unaotokana na chakula kuthibitishwa nchini humo. Kenya ilikuwa na wake uliokwisha kuandikwa katika taarifa ya kitabibu ya mwaka 1980, safari hiyo baada ya watu kula mchwa waliokuwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo botulizimu ni nadra kwetu, lakini si ugonjwa wa ugenini, na anayeupata hufika mapokezi akiwa na malalamiko ambayo mhudumu aliyelemewa na foleni anaweza kuyaita kiharusi, ulevi au uchovu tu.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, matabibu na madaktari wa zamu, na unaanzia pale mgonjwa anapoanzia, yaani kwenye dalili. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba maamuzi mawili makubwa, lile la kumsaidia mgonjwa kupumua na lile la kumtafutia kiuasumu (dawa inayoikamata sumu mwilini), hufanywa kando ya kitanda kwa macho, masikio na mikono. Majibu ya maabara huja baadaye, na anayeyasubiri huchelewa.

Mgonjwa anaona vitu viwili viwili, kope zimelegea na ulimi ni mzito

Hii ndiyo sura ya kawaida ya ugonjwa. Sumu inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum huingia katika ncha za mishipa ya fahamu na kuzuia kumwagwa kwa asetilikolini, kemikali inayoamrisha misuli kukaza. Misuli haifi na ubongo hauguswi, ila amri haifiki. Mishipa ya kichwa huathirika kwanza, ndiyo maana malalamiko ya awali ni ya macho na koo: maandishi yanachanganyika, vitu vinaonekana viwili, kope hazinyanyuki, maneno yanavutika, maji yanarudi kupitia puani, na kinywa kinakauka hadi ulimi unanata. Baadaye ulegevu hushuka shingoni, mabegani, mikononi, kifuani na hatimaye miguuni, ukienda sawasawa pande zote mbili.

Mtazame mgonjwa kabla hujamshika. Mara nyingi huinamisha kichwa nyuma na kukutazama kwa chini ya kope, au huinua kope moja kwa kidole ili akuone. Uso umetulia kupita kiasi kwa sababu misuli yake haiwezi kuonyesha hofu, na utulivu huo umewadanganya wengi. Mwombe afumbe macho kwa nguvu, kisha jaribu kuyafumbua kwa vidole vyako. Yakifumbuka bila upinzani, umepata dalili ya maana. Mwombe atoe ulimi, apulize mashavu, anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Mulika mboni: kwa wagonjwa wengi zimepanuka au zinajibu mwanga kwa uvivu, ingawa mboni za kawaida haziufuti ugonjwa.

Mambo matatu yasipokuwepo huongeza uzito wa shaka. Mgonjwa hana homa, fahamu zake ni timamu, na hisia za ngozi hazijapungua popote. Mtu anayeongea kwa shida lakini anajibu kila swali kwa usahihi, wala hana ganzi mwilini, si mlevi, na uwezekano wa kiharusi nao umepungua sana.

Dalili za tumbo, kama kichefuchefu, kutapika na maumivu, zinaweza kutangulia, hasa pale chanzo kinapokuwa chakula. Kinachofuata kwa kawaida ni kufunga choo, kwa sababu matumbo nayo hutegemea asetilikolini. Muda kati ya kula na dalili za kwanza huwa saa 12 hadi 36, lakini unaweza kuwa saa chache tu au kuvuka wiki. Kwa hiyo swali la "umekula nini leo?" halitoshi. Uliza vyakula vya siku zote hizo, na uulize hasa vile vilivyokaa mahali pasipo na hewa: chupa ya kitoweo kilichozamishwa katika mafuta, mboga au nyama iliyosindikwa nyumbani, samaki aliyevundikwa bila kutolewa matumbo, chakula kilichofungwa kwenye mfuko na kusafirishwa siku nzima. Nchini Misri mwaka 1991, samaki wa chumvi aitwaye fasikh alilaza watu 91 hospitalini na kuua 18. Achari iliyotiwa siki au ndimu ya kutosha ina hatari ndogo, kwa kuwa bakteria huyu hakui penye ukali wa pH 4.6 au chini yake.

Dalili zinafanana, lakini huenda chanzo ni kingine

Katika mazingira yetu, mshindani wa kwanza ni nyoka. Sumu ya swila na ya koboko nayo huangusha kope na kukata pumzi, na mtu aliyeumwa usiku akiwa amelala huenda hajui kwamba ameumwa. Kagua miguu, mikono na kichwa kwa mwanga wa kutosha. Kasi nayo inasema kitu, kwani nyoka hulegeza mtu ndani ya saa chache, ilhali botulizimu kwa kawaida hujenga picha yake katika kipindi cha saa nyingi hadi siku kadhaa.

Mshindani wa pili ni viuatilifu vya mashambani vya kundi la oganofosfeti, na hapa tofauti iko wazi kwa anayejua kuangalia. Aliyekunywa sumu hiyo mboni zake zimebana kama ncha ya sindano, anatokwa mate, jasho na machozi, na anaharisha. Mgonjwa wa botulizimu ni mkavu kila mahali. Tahadhari pekee ni kwamba aliyenusurika na oganofosfeti anaweza kulegea shingo na kifua kati ya siku ya kwanza na ya nne, wakati mate na jasho vimekwisha kukauka, hivyo historia ya siku zilizopita ni ya lazima.

Mnanaha, mmea wenye sumu, hukausha kinywa na kupanua mboni vilevile, lakini aliyeula huweweseka, mwili huwa wa moto na moyo hukimbia, wala misuli yake haijapooza. Pombe yenye methanoli hufifisha macho bila kuangusha kope, na mgonjwa hupumua kwa kasi kwa sababu ya asidi iliyojaa katika damu.

Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu, kwa kawaida huanzia miguuni na kupanda, ukiambatana na ganzi au vichomi, na goti likigongwa halijibu tangu mapema. Aina yake iitwayo Miller Fisher huanzia machoni na ndiyo inayochanganya zaidi, lakini mgonjwa huyo huyumba anapotembea hata kama nguvu za miguu zipo. Maji ya uti wa mgongo husaidia, kwa maana katika botulizimu huwa ya kawaida, ilhali katika Guillain-Barré protini hupanda, ingawa katika wiki ya kwanza inaweza isiwe imepanda bado. Miastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, hubadilika ndani ya siku, asubuhi nafuu na jioni vibaya, nayo haigusi mboni. Dondakoo inaweza kupooza kaakaa na macho, lakini iliyotangulia wiki kadhaa nyuma ni koo lenye utando. Polio huja na homa, na ulegevu wake huwa wa upande mmoja zaidi ya mwingine.

Ukiwa bado na shaka baada ya hayo yote, idadi ya wagonjwa inaweza kuamua. Watu wawili waliokula pamoja, wote wakiwa na kope zilizolegea, hawana kiharusi wala miastenia.

Kipima oksijeni kinasoma 97, lakini mgonjwa anasema pumzi haitoshi

Mwamini mgonjwa. Kinachoua katika botulizimu ni kulegea kwa kiwambo cha kifua na misuli ya mbavu, pamoja na mate na chakula kuingia mapafuni kwa sababu koo halijifungi. Mapafu yenyewe ni mazima, hivyo kiwango cha oksijeni hubaki kizuri huku kabonidioksidi ikijikusanya, na namba ya kwenye kidole ikianza kushuka, muda wa kujiandaa umekwisha. Kumpa oksijeni peke yake hupendezesha namba hiyo bila kurudisha nguvu ya kupumua. Kuhema kwa nguvu na kutanua pua, ishara ambazo tumezoea kuzitafuta, hazionekani kwa mtu ambaye misuli inayozionyesha ndiyo iliyopooza.

Fuatilia kwa vitu visivyohitaji umeme. Mwombe avute pumzi moja kamili na ahesabu kwa sauti, kwa mwendo mmoja, hadi pumzi iishe. Andika alipofika na umpe jaribio hilohilo, kwa lugha ileile, kila baada ya saa moja au mbili. Aliyefika 30 saa mbili usiku na kukomea 17 saa nne usiku anaelekea kwenye mashine, hata kama anakutazama kwa utulivu. Angalia kama bado ananyanyua kichwa kwenye mto, kama kikohozi chake kina nguvu, kama anameza mate au yanatiririka, na kama tumbo linaingia ndani anapovuta hewa badala ya kutoka nje. Penye kifaa cha kupima ujazo wa pumzi, kiwango kilicho chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito, au kinachoporomoka haraka kutoka kipimo hadi kipimo, ni sababu ya kumwekea mpira wa kupumulia mapema na kwa utaratibu, kabla ya kulazimika kufanya hivyo kwa pupa.

Wakati mnasubiri, mlaze akiwa ameinuliwa upande wa kichwa, safisha mate kwa mashine ya kufyonza, na usimpe chochote kwa mdomo. Hapa nina ombi kwa ndugu na majirani, ambao kwa nia njema hukimbilia kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu: mtu ambaye koo lake limepooza akinywa maziwa, maziwa yataingia mapafuni. Kumtapisha kuna hatari hiyohiyo. Ikibidi kumhamisha kwenda hospitali ya rufaa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, asisafiri bila mtu anayejua kutumia mfuko wa ambu, ule unaobanwa kwa mkono kumpulizia mgonjwa hewa, na uamuzi wa kumwekea mpira ufanyike kabla ya gari kuondoka.

Kuna dawa ambazo zinaweza kumaliza pumzi iliyobaki. Antibayotiki ya jentamisini na ndugu zake, pamoja na magnesi salfeti, huongeza ulegevu palepale sumu ilipoukalia mshipa. Zote mbili ziko katika kila hospitali ya wilaya na hutolewa kwa mazoea, kwa hiyo andika katazo hilo kwa herufi kubwa kwenye faili, ili wa zamu ya usiku asiligundue kwa bahati mbaya.

Maabara haina kipimo

Maabara nyingi hazina, na kukosekana kwake hakuzuii matibabu. Uthibitisho hupatikana kwa kuitafuta sumu katika damu, kinyesi, matapishi na mabaki ya chakula, kazi inayofanywa na maabara chache na huchukua siku kadhaa. Wajibu wa chumba cha dharura ni kuchukua sampuli kabla ya kiuasumu kutolewa, hasa ya damu, kwa kuwa kiuasumu hufuta sumu inayotafutwa. Zihifadhi kwenye baridi ya jokofu na uziandike saa na tarehe. Mgonjwa aliyefunga choo anaweza kuhitaji kuoshwa utumbo kwa maji safi kidogo ili kinyesi kipatikane.

Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 15, nchi zetu zina njia iliyokwisha kufunguka. Ufuatiliaji wa polio unataka kila mtoto aliyepooza ghafla kwa ulegevu aripotiwe na kuchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14. Tumia mtandao huo kumfikia mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo, na utamke neno botulizimu katika taarifa yako, ili chakula kitafutwe kabla hakijaliwa na wengine.

Kiuasumu kipo, au hakipo

Kiuasumu hukamata sumu inayozunguka katika damu. Ile iliyokwisha kuingia kwenye mishipa haing'olewi, hivyo hakimrudishii mgonjwa nguvu alizopoteza. Kinazuia asipoteze zaidi. Kutokana na hilo, saa za mwanzo zina thamani kuliko zote, na shaka iliyojengwa vizuri kando ya kitanda inatosha kukiomba. Kinachotumika nchini Marekani tangu kilipoidhinishwa mwaka 2013 hutokana na damu ya farasi na hukabili aina saba za sumu, kuanzia A hadi G. Mtu mzima hupewa chupa moja, ikiwa imezimuliwa mara kumi kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ikianza kwa mililita 0.5 kwa dakika na kuongezwa polepole isizidi mililita 2 kwa dakika. Mtoto hupimiwa kwa uzito. Kwa kuwa ni protini ya farasi, mzio mkali unaweza kutokea, basi adrenalini iwe imevutwa kwenye sindano kabla tone la kwanza halijaingia.

Mara nyingi kwetu kiuasumu hakitakuwepo, na kukipata kunapitia wizara ya afya na Shirika la Afya Duniani. Omba mara moja, kisha rudi kwa mgonjwa. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kuna hali ya kukata tamaa inayoingia wodini dawa mahususi inapokosekana, nayo haina msingi hapa. Mgonjwa anayepumulishwa vizuri, akageuzwa, akalishwa kwa mpira na akakingwa dhidi ya nimonia, mishipa yake huota ncha mpya na misuli huamka yenyewe. Wagonjwa wanaofariki kwa sasa ni kati ya asilimia 5 na 10, na kilichozuia vifo zaidi ni uangalizi wa kupumua. Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na ndugu waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Antibayotiki haziondoi sumu, na kwa botulizimu ya chakula hazina kazi mpaka itokee nimonia.

Mgonjwa yuko kwenye mashine na hajibu chochote

Usiandike kwamba hana fahamu. Anasikia, anahisi maumivu na anaelewa kila linalosemwa juu ya kitanda chake, lakini hana msuli wa kukujibu. Inua kope zake ili akuone, jitambulishe, mweleze kila unachofanya kabla ya kukifanya, mpe dawa ya maumivu na ya usingizi inavyostahili, na utafute msuli wowote uliobaki, hata kidole cha mguu, uwe wake wa kusema ndiyo na hapana. Macho yasiyofumba yatiwe marhamu ili yasikauke.

Mtoto mchanga amefunga choo na ameacha kunyonya

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, habari huenda kwa njia nyingine. Yeye hamezi sumu iliyo tayari, bali mbegu za bakteria, zinazoota ndani ya utumbo ambao haujapata bakteria wa kuzizuia na kutengeneza sumu humo humo. Asali ni chanzo kinachojulikana, na ndiyo maana mtoto wa umri huo hapaswi kulambishwa asali hata kidogo, iwe ya dawa au ya mila. Mara nyingi mbegu hutoka tu kwenye vumbi na udongo, kwa hiyo mama asiyempa mtoto asali asilaumiwe, wala mtoto wake asiondolewe kwenye shaka ya ugonjwa huu.

Mama atasema choo kimekuwa kigumu kwa siku kadhaa, kisha kilio kimekuwa chembamba, titi linamtoka mdomoni, na shingo iliyokuwa imeanza kukaza imelegea tena. Tabibu anaona mtoto mlegevu asiyenyonya na anafikiria maambukizi ya damu, jambo ambalo ni sahihi kulifikiria, kisha anaandika ampisilini na jentamisini. Hapo ndipo mtoto huweza kuacha kupumua. Endapo kope zimelegea, mboni ni za uvivu na choo kilifunga kabla ya ulegevu, badilisha jentamisini kwa dawa ya kundi la sefalosporini inayofaa umri wake, na umsogeze karibu na mfuko wa ambu. Kwa watoto hawa kuna kingamwili maalumu inayotokana na damu ya binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 na kusimamiwa na idara ya afya ya California. Familia zetu zilizo huko ziombe daktari aipigie simu idara hiyo bila kungoja majibu ya kinyesi.

Hakuna chakula cha kushuku

Tafuta kidonda. Mbegu zinaweza kuota ndani ya jeraha lenye kina au jipu la anayejidunga heroini, hata likiwa dogo kiasi cha kufunikwa na sarafu. Kidonda hicho hufunguliwa na kusafishwa na daktari wa upasuaji, na penisilini au metronidazoli hutolewa baada ya kiuasumu. Uliza pia, bila kumfedhehesha mtu, kuhusu sindano za urembo au za kupunguza uzito: mwaka 2023 nchi kadhaa za Ulaya ziliripoti wagonjwa waliodungwa sumu hii katika ukuta wa tumbo la chakula nchini Uturuki.

Wengine walikula chakula hichohicho na hawana dalili

Waite wote siku hiyohiyo, uwapime macho, ulimi, koo na shingo, na uwahesabishe kwa pumzi moja kama ulivyomfanyia mgonjwa. Asiye na dalili kwa kawaida hapewi kiuasumu, bali huangaliwa kwa karibu kwa siku kadhaa na kuambiwa arudi mara moja akiona vitu viwili, akikaukwa na kinywa au akipaliwa. Chakula chenyewe kisionjwe na mtu yeyote, kwani harufu na ladha vinaweza kuwa vya kawaida kabisa. Kifungwe na chombo chake ndani ya mfuko mwingine, kishikwe kwa glavu na kihifadhiwe kwenye jokofu hadi afisa afya akichukue. Sumu yenyewe huharibika chakula kikipashwa moto hadi nyuzi 85 kwa dakika tano au zaidi, lakini mbegu hustahimili maji yanayochemka na huhitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo ili zife. Kwa hiyo chupa iliyobaki haiokolewi kwa kuchemshwa tena na kurudishwa kabatini.